Nuru Iliyolalia Kushoto

Jumanne, 4 Juni

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ataniona nimerukwa na akili. Leo asubuhi fuwele yangu iliizungusha nuru upande usio wake.

Nianze vizuri, nikija kusoma uzeeni nielewe. Kazi yangu ni kupima. Maabara yetu inatengeneza ganeti, ndugu wa vile vijiwe vyekundu vya kwenye pete, ila yetu haichimbwi, inapikwa tanurini: chuma kwa wingi, gadolini ambayo ni mojawapo ya metali adimu, na bismuthi ya kukoleza. Kipande chembamba cha ganeti hiyo nakiweka mbele ya sumaku, napitisha leza ndani yake, na mtikisiko wa nuru unatoka umezungushwa. Unaingia umesimama wima, unatoka umelala upande. Kwa jinsi sumaku yetu ilivyowekwa, hulalia kulia. Imelalia kulia tangu nianze tasnifu, na mimi sina mazoea ya kushangazwa kazini.

Leo ililalia kushoto. Kiasi kile kile, upande wa pili. Nikafuta lenzi, nikazima mashine, nikawasha: kushoto. Nikaenda kunywa chai, nikakawia nikipiga soga, na niliporudi jua limeshapanda ilikuwa kulia kama kawaida, imetulia, haina habari. Kitu kimoja tu chumbani humo kinaweza kugeuza upande, nacho ni mtu kuigeuza sumaku kwa mkono.

Jumatano, 5 Juni

Kulia kutwa. Labda jana nilikuwa sijaamka vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Baridi imeingia kweli. Mama mkwe amevaa sweta mbili na soksi za mwanawe, na anasema atakayemcheka atalala nje. Kazini Dokta, mkuu wa maabara, ametangaza kubana umeme: vipasha joto vya vyumbani vizimwe, na tanuri liendelee na ule moto mdogo lilioshushiwa tangu mwezi jana. Tunafanya kazi na makoti.

Asubuhi kushoto. Mchana kulia.

Jumatano, 12 Juni

Kushoto, kisha kulia.

Alhamisi, 13 Juni

Kushoto, kisha kulia. Nimemwambia Mpishi.

Mpishi ni mume wangu. Maabara nzima inamwita hivyo kwa kuwa ndiye anayepika fuwele, na mimi nimelizoea jina hata nyumbani, ingawa huku yai tu linamshinda. Nilimweleza tukiwa njiani kurudi. Nilidhani atashtuka. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wale wakaguzi wa tasnifu yako walisemaje vile? Kwamba haina jipya?"

"Walisema hivyo. Na hilo linahusiana vipi na sumaku?"

"Nauliza tu, mke wangu."



Jumatatu, 17 Juni

Fundi wa vyuma, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, amejua. Sijui amejuaje. Alikuja chumbani kwangu na bisibisi mkononi, eti anatafuta bisibisi.

"Shemeji, tuongee kiutu uzima. Chumba hiki kina funguo ngapi?"

"Tatu. Yangu, ya Mpishi, ya Dokta."

"Dokta anafika saa nne. Wewe huna sababu ya kujiharibia. Kabaki nani?"

Nilimfukuza. Lakini maneno yake yamebaki, na yamekaa vibaya. Oda tuliyo nayo ni ya kampuni ya mawasiliano. Wanataka vilango vya nuru, vifaa vinavyoiruhusu leza ipite kwenda na kuizuia kurudi, na moyo wa kilango ni ganeti yetu. Fuwele ikigeuka upande, kilango kinaiachia nuru ya kurudi na kuifungia ya kwenda. Hatuwezi kupeleka kitu cha namna hiyo. Na Dokta alishasema wazi mbele ya wote: oda hii ikikamilika tanuri linazimwa, fuwele zitanunuliwa zikiwa tayari. Tanuri likizimwa, Mpishi hana kazi.

Kwa hiyo oda ikichelewa, tanuri linaendelea kuwaka. Na Mpishi anafika maabarani kabla yangu kila siku.

Sitaki kuwaza hivi. Nawaza hivi.

Jumanne, 18 Juni

Nimeng'oa unywele wangu mmoja, nikaubandika kwa gundi upande mmoja kwenye sumaku na upande wa pili kwenye meza. Anayeigeuza sumaku lazima aukate. Nilijisikia mchawi. Kisha nikapanda gari nikakaa kando ya mume wangu, na akanipa shali yake kwa kuwa nilikuwa natetemeka.

Jumatano, 19 Juni

Unywele umekatika. Kushoto.

Nilikaa kwenye kiti cha mashine na koti langu na mkoba begani. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Mpishi akipita na koleo lake refu, ameinamisha kichwa, anapiga mluzi. Miaka yote hii nimeupenda mluzi ule. Leo nilitamani aufunge mdomo.

Ijumaa, 21 Juni

Chakula cha jioni, wote watatu. Mama mkwe akasema, "Nyumba hii siku hizi mnatafuna tu, hamzungumzi. Mmegombana au mmeishiwa?"

Mpishi akacheka kidogo. Baadaye, nikiwa naosha vyombo, akasimama nyuma yangu na kusema kwa sauti ya chini, "Chochote utakachofanya, mimi niko upande wako. Ulijue hilo."

Mtu asiye na kosa hasemi hivyo. Niliendelea kuosha sahani ile ile.

Jumatatu, 24 Juni

Baridi. Kushoto.

Alhamisi, 27 Juni

Sijui nianzie wapi.

Redio amelifikisha jambo kwa Dokta. Asubuhi tukaitwa ofisini, mimi na Mpishi, tukaketishwa mbele ya meza yake. Dokta hapendi kupayuka, na anapokasirika ndipo anapozidi kuwa mpole. Alivua miwani akaiweka juu ya karatasi.

"Vipimo vya mwezi mzima vinageuka asubuhi na kurudi mchana. Mteja anasubiri. Chumba kina funguo tatu. Mimi siye. Nyinyi mnakula sahani moja, basi naamini mnajuana. Nani?"

Nilifungua mdomo. Kwa kweli sijui nilitaka kusema nini. Habari ya unywele ilikuwa kwenye ulimi wangu, hilo nakiri. Sijui kama ningeitaja. Sitajua kamwe, kwa sababu Mpishi alinitangulia.

"Ni mimi, Dokta."

Alisema kama mtu anayejibu anaitwa nani. Dokta akamwuliza sababu. Akasema, "Sikutaka tanuri lizimwe." Yale yale niliyokuwa nimeyawaza mimi, neno kwa neno, yakatoka kinywani mwake. Dokta akamwuliza tena kama ana hakika na anachokisema. Mpishi akamtazama usoni bila kupepesa, akasema anayo, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kando ya miwani.

Nilikuwa nimeshamshuku kwa majuma, nilikuwa nimemtegea, na bado aliposema "ni mimi" nilishtuka kama vile sijawahi kuliwaza. Nimegundua kwamba kushuku ni kitu kimoja na kujua ni kingine kabisa. Nilipokuwa namshuku, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa bado inamtetea. Leo ile sehemu imenyamazishwa.

Alisindikizwa mpaka getini na mlinzi ambaye kila asubuhi hutaniana naye kuhusu mpira. Mlinzi hakujua atazame wapi.

Nyumbani nilimwuliza swali moja tu. "Mwezi mzima unaniona nahangaika, unanyamaza?"

Akasema, "Yamekwisha sasa. Wewe endelea na tasnifu yako."

Nimehamia chumbani kwa mama mkwe.

Ijumaa, 28 Juni

Mama mkwe amenipa nusu ya kitanda na robo ya blanketi. Ameniambia, "Mkwe wangu, sikuingilii. Ila niliyemzaa hajui kuiba hata kwenye karata. Akiiba, anacheka."

Nikamwambia safari hii hakucheka.

Jumatatu, 1 Julai

Mawingu mazito, joto joto hivi. Kulia asubuhi, kulia mchana.

Jumanne, 2 Julai

Kulia.

Jumatano, 3 Julai

Kulia. Redio amepita kusema, "Si unaona?" Naona. Tangu ufunguo uondoke mfukoni mwa Mpishi, fuwele imetulia. Ningekuwa na chembe ya shaka ingeisha leo. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kupima.

Ijumaa, 5 Julai

Mpishi anatafuta kazi. Barua yake ya kuachishwa kazi inataja udanganyifu, kwa hiyo anatafuta na barua ile mfukoni. Jana kiwanda cha vioo kilimpokea vizuri mpaka walipoisoma. Mama mkwe ndiye aliyeniambia. Mimi na Mpishi tunasalimiana tu.

Jumanne, 9 Julai

Mawingu yaliondoka jana, na usiku umekuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilifika wa kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo wa Mpishi uko kwenye droo ya Dokta. Jana kabla ya kuondoka nilikuwa nimebandika unywele mwingine. Nilikuwa najiambia ni mazoea tu. Unywele ulikuwepo, mzima, haujaguswa.

Nikawasha leza. Kushoto.

Nilitoka nje nikazunguka jengo, kama vile nitamkuta mtu. Hakuna mtu. Nikarudi, nikaitazama sumaku ile iliyokaa mahali pake na unywele wangu juu yake, na nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Nani basi?" Pumzi yangu ikatoka nyeupe.

Nikaitazama pumzi. Kisha nikakitazama kipimajoto cha ukutani, kwa mara ya kwanza tangu vipasha joto vizimwe.

Nilichukua taa ya mezani nikaisogeza karibu na fuwele, nikakaa kutazama kipimio. Mwanzo hakuna kitu. Fuwele ikapata joto kidogo, kipimio kikasita, kikacheza, halafu nuru ikaruka kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna mkono uliogusa. Nikaiondoa taa na kufungua dirisha. Baada ya muda ikaruka tena, kushoto. Nikairudisha taa. Kulia. Nimefanya hivyo mara nyingi, kisha nikakaa chini sakafuni.

Ndani ya ganeti yetu kuna kambi mbili za sumaku, chuma na gadolini, nazo zinatazama kinyume. Penye joto chuma ndicho chenye nguvu, na sumaku ya nje inakivuta upande wake. Baridi ikizidi, gadolini inapata nguvu, inakishinda chuma, na sasa yenyewe ndiyo inayovutwa upande ule na chuma kinageukia upande wa pili. Nuru inakifuata chuma. Wote tunalijua hilo. Ni somo la mwaka wa kwanza wa kazi hii. Lakini kwa mchanganyiko wetu tulishalipima, na ubaoni tumeandika kwa wino mwekundu kwamba hugeuka kwenye baridi ya kugandisha nyama, kwa hiyo hakuna aliyehangaika nalo tena. Tulisahau kwamba ule ulikuwa mchanganyiko wa zamani. Tanuri liliposhushwa moto ili kubana umeme, fuwele mpya zikanywa gadolini zaidi kuliko zile za awali, na sasa zinageuka kwa baridi hii hii ya koti na shali. Mwanzoni ziligeuka asubuhi za baridi kali tu, kabla vipasha joto havijakipasha chumba; kisha tukavizima ili zipate nafasi nzuri.

Hakuna aliyeigeuza sumaku. Tangu Juni, hakuna.

Nilianza kucheka pale sakafuni, na nikiwa katikati ya kicheko ndipo jambo la pili liliponipiga. Kama hakuna aliyeigeuza, mume wangu alikiri nini?

Jumanne hiyo hiyo, alasiri

Nilienda nyumbani nikikimbia nusu ya njia. Alikuwa jikoni anarekebisha mguu wa stuli ya mama yake. Nikasimama mlangoni nikihema.

"Ni baridi," nikasema. "Inajigeuza yenyewe kwa baridi. Wewe hukuigeuza."

Hakuinua kichwa mara moja. Aliishika ile nyundo, akaiweka chini polepole. Aliponitazama, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

"Yenyewe?" akauliza. "Kwani si wewe?"

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Walikwambia tasnifu haina jipya. Wiki ile ile vipimo vikaanza kugeuka. Nikasema, mke wangu kashikwa pabaya, anajitengenezea jipya. Kila asubuhi nikawa naingia kabla yako kuangalia kama sumaku umeiacha vibaya, niiweke sawa kabla ya Dokta kufika. Nilikuwa naishika niikague. Naikuta iko sawa. Nikaona basi unaigeuza mimi nikitoka." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Dokta alipouliza, ukafungua mdomo. Nikajua unataka kukiri. Ungepoteza masomo, jina, kila kitu. Mimi kazi yangu ilikuwa inaisha hata hivyo."

Nilishikilia fremu ya mlango. Nilikuwa nimekimbia kuja kumsamehe, kumbe mtu huyu alikuwa ananisamehe mimi tangu Juni, kwa kosa ambalo sikulifanya, akinipa shali yake na kunyamaza. Nilikasirika. Ndiyo, hata pale nilikasirika, kwamba mume wangu aliniona mwongo na akaendelea kupiga mluzi. Na papo hapo niliona aibu, kwa sababu aliniuliza kwa upole:

"Na wewe, mwezi wote huo ulidhani ni nani?"

Mama mkwe alikuwa sebuleni na nilisikia ameacha kufunua kurasa za gazeti.

"Wewe," nikasema. "Nilikutegea kwa unywele."

"Kumbe ulikuwa unywele. Nilidhani utando wa buibui."

Akaokota nyundo, akaendelea na mguu wa stuli.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwonyesha Dokta: taa, dirisha, taa. Alitazama mpaka nuru iliporuka mara ya tatu. Ndiye aliyeshusha moto wa tanuri. Ndiye aliyezima vipasha joto. Alisema waziwazi, "Hili ni langu," na namheshimu kwa hilo.

Nikamwuliza lini Mpishi arudi kazini.

"Kwenye barua nitafuta neno udanganyifu leo hii," akasema. "Lakini kurudi, hapana. Alikaa kwenye kiti hicho akanidanganya, macho yake ndani ya macho yangu, na mimi nikaamini. Kesho akiniambia tanuri limefika moto fulani, nitajuaje?"

"Alidanganya kwa ajili yangu."

"Najua. Ndiyo maana naogopa. Angekuwa amedanganya kwa ajili yake ningejua pa kumkagua."

Nimetafuta jibu njia nzima na bado sijalipata.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi chumbani kwetu. Mama mkwe amefurahi kupata blanketi lake.

Jumatatu, 22 Julai

Kilango cha kwanza kimepita majaribio, na kipasha joto kidogo ndani yake. Wakaguzi wameandika: fuwele inayogeuka kwenye joto la chumbani ni jambo jipya, linatosha kwa tasnifu nzima. Wamenipongeza. Niliisoma barua nimesimama. Jipya ambalo mume wangu alidhani nalibuni, nimelipata, na yeye ndiye aliyelipika.

Jumatano, 31 Julai

Tanuri limezimwa leo. Mpishi hakuwepo kuliona.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi ya jua, madirisha wazi, sweta zimeanikwa. Mpishi anaanza kesho kiwanda cha vioo, kazi ya chini kuliko aliyokuwa nayo. Tulikuwa tumeketi barazani, ananisaidia kupanga kurasa za tasnifu. Tunaelewana siku hizi. Tunaongea kwa uangalifu, kama watu wanaotembea kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Akashika ukurasa wenye mchoro wa nuru ikiruka, akautazama, akauliza bila kuniangalia, "Kama ningebaki na ufunguo wangu, siku ile ungekitazama kipimajoto?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na angeipokea.

"Hapana," nikasema. "Ningejua ni wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akauweka ukurasa mahali pake, akanyoosha kingo za rundo kwa viganja viwili.

"Basi ilibidi nitoke," akasema, akaenda ndani kumwitikia mama yake.

Nimebaki barazani na karatasi zangu. Najaribu kupambanua kama alisema kwa uchungu au kunifariji. Nimeirudia sauti yake kichwani, tena na tena, na siwezi kujua.